Barua ya wazi kwa Waziri wa Kazi na Pensheni wa Uingereza kuhusu ukomo wa ruzuku uliobaki

Mheshimiwa Waziri,

Naandika kutoka London Mashariki, ninakojitolea kila Alhamisi katika kituo cha kugawa chakula, na naandika kwa Kiswahili ili akina mama wa lugha yangu ninaowahudumia pale wajue kwamba jambo lao limefikishwa kwako.

Serikali ilipotangaza mwezi Novemba 2025 kwamba ukomo wa watoto wawili, uliomnyima ruzuku mtoto wa tatu na wanaomfuata ikiwa wamezaliwa tangu Aprili 2017, ungefutwa kuanzia Aprili 2026, tulifurahi kwa dhati. Katika nchi hii tajiri watoto wapatao milioni 4.5 walihesabiwa kuwa maskini mwaka 2023/24, wengi wao wakiwa na mzazi anayefanya kazi, na Serikali ilikadiria kuwa hatua hiyo ingewanusuru 450,000. Naishukuru bila kinyongo.

Hata hivyo, mmeuacha ukomo mwingine, ule unaowekwa juu ya jumla ya ruzuku zote za kaya. Mama mmoja ninayemfahamu analea peke yake watoto watatu, mdogo wao akiwa na miaka 2. Kwa kuwa yupo London, jumla yake haiwezi kuzidi pauni 25,323 kwa mwaka, yaani kama pauni 2,110 kwa mwezi. Akishalipa kodi ya nyumba ya pauni 1,400, anabakiwa na pauni 710 za chakula, umeme, nauli na nguo za watu wanne. Kufutwa kwa ukomo wa watoto wawili kulipaswa kumwongezea karibu pauni 300 kwa mwezi. Hatapata hata moja, kwa sababu tayari amegota kwenye ukomo wa jumla. Nilipomweleza hivyo alinyamaza, akaendelea kupanga makopo ya maharage kwenye mfuko wake.

Hoja ya kuuweka ukomo huu ilikuwa kumhimiza mzazi aende kazini. Lakini kanuni za wizara yako hiyohiyo hazimtaki mzazi anayelea peke yake atafute kazi mpaka mtoto wake mdogo atimize miaka 3, kwa hiyo mama huyu anapunguziwa riziki kwa kutofanya jambo ambalo sheria yenyewe haimdai. Wala kiwango chenyewe hakijaenda na gharama za maisha: ukomo ulipoanza mwaka 2013 ulikuwa pauni 26,000 kwa familia nchi nzima, ukapunguzwa mwaka 2016, ukapandishwa mwaka 2023, na hata baada ya kupandishwa huko ni pauni 22,020 tu nje ya London. Ni nani aliyeona kodi ya nyumba ikishuka kwa miaka yote hiyo?

Scotland wameonyesha kwamba inawezekana. Malipo yao ya kila wiki kwa watoto wa familia maskini, yaliyoanza Februari 2021 kwa pauni 10 na kufika pauni 27.15 mwezi Aprili 2025, hayahesabiwi ndani ya ukomo huu.

Sheria inakutaka uupitie ukomo angalau mara moja kila miaka 5, na mapitio ya mwisho yalifanyika mwaka 2022. Nakuomba usingoje muda huo uishe. Uufute, na ikiwa hilo haliwezekani sasa, basi waondolee kwanza wazazi wenye watoto walio chini ya miaka 3, kisha upandishe kiwango kila mwaka kama mnavyopandisha ruzuku nyingine.

Wako kwa heshima,
Mkazi wa London Mashariki