Sili ya ndani ndiyo ugonjwa, si grisi

Mhariri,

Wenye Land Cruiser za zamani zenye eksel nzima mbele, yaani moja ngumu inayounganisha magurudumu yote mawili (modeli za 60, 70 na 80), wengi huongeza grisi kila uchafu mweusi unapochuruzika kwenye tufe la chuma nyuma ya gurudumu la mbele. Tafadhalini, acheni. Grisi ikiwa nyepesi kama uji, sili ya ndani ya eksel (mpira wa kuzuia oili isipite) imekwisha na oili ya difu (gia zilizo ndani ya eksel) inaiosha grisi hiyo. Difu inapungukiwa oili, nayo jointi iliyo ndani ya tufe huanza kugonga ukikata kona.

Kazi ya kubadilisha sili hii hufanyika nyumbani. Weka stendi imara chini ya eksel. Jeki peke yake ni hatari. Shimu (vibati vyembamba vya kurekebisha nafasi) za beringi za juu na chini zitie alama, zirudi zilipotoka. Kagua shafti ya eksel pale mdomo wa sili unapokaa: ikiwa imechimbika mfereji, sili mpya haitadumu. Unaporudisha shafti, ibebe kwa mkono isiburuzike juu ya sili, maana hapo ndipo nyingi huchanika. Jaza tufe grisi ya moli (yenye molibdenamu) kiasi cha robo tatu.

Kibomba cha kupumulia cha difu husahaulika sana. Kikiziba, joto huongeza shinikizo ndani na sili mpya huvuja vilevile.

Baada ya kilomita 1,000 hivi, kaza tena nati za mkono wa usukani. Zikilegea, stadi (boliti zisizo na kichwa zinazoushika mkono huo) hukatika na gurudumu halifuati usukani tena.

Msomaji,
Arusha