Barua ya wazi kwa Mkuu wa Kituo: mahamri yangu alikula nani?

Afande Mkuu wa Kituo,

Salamu kwako na kwa maafisa wako wa zamu. Kituo sikitaji, mwenyewe unajijua. Mimi ni yule mama wa mahamri aliyekaa kwenye benchi lenu siku 3 mfululizo.

Mwanangu alichukuliwa Jumatatu usiku mlangoni pangu. Jumanne nilileta mahamri 4 na mbaazi. Afisa wa kaunta akaupokea mkebe, jioni akanirudishia mtupu, akacheka kwamba kijana anajua kula. Jumatano vivyo hivyo. Alhamisi afisa yuleyule akafungua kitabu cha matukio, akapitisha kidole, akasema, "Mama, mtu huyo hatuna."

Alikula nani basi, Afande?

Ibara ya 49 ya Katiba ya Kenya ya 2010 imewapa saa 24 kumfikisha mahakamani, au siku ya mahakama inayofuata. Zimepita mara ngapi? Wakili mmoja, Mungu amlipe, alipeleka ombi Mahakama Kuu kwa Ibara ya 51, kuomba ile amri wanayoiita habeas corpus: anayemshikilia mtu amlete mbele ya jaji, aeleze anamshikilia kwa sheria gani. Ibara ya 25 imeiweka pamoja na haki ya kutoteswa, kwamba haiwekewi mipaka na yeyote. Na Ibara ya 22 inasema kesi ya namna hii haifunguliwi kwa ada. Kweli, ada sikutozwa. Nauli ndiyo imenimaliza, na karai langu halijaona mafuta wiki ya pili sasa.

Jana afisa wako akaleta hati ya kiapo: hamna mtu kama huyo. Wakili akanieleza nje, chini ya mwarobaini, kwamba hapo ndipo ombi hukwama. Jaji humwamuru aliye na mtu. Akikana, ni juu yangu kuonyesha kwamba anaye. Yaani nyinyi mna seli, funguo na kitabu, mimi nina mkebe. Tumepewa mpaka Jumatatu.

Majirani wanasema ni maneno ya kiwanja. Wengine wanasema alimjibu askari vibaya stejini. Mimi sijui, na hamjaniambia. Kama ana kosa, mshtakini, nitakaa kimya nyuma ya kizimba. Kwenye baraza la chifu ulituambia mlango wako hauna kufuli. Tumeuona.

Mleteni Jumatatu. Kama mmempeleka kituo kingine, andikeni ni kipi. Kama mmewapa watu wengine, waandikeni ni kina nani. Lakini mleteni, Afande, hata akiwa hawezi kusimama, mleteni.

Mkebe nitakuja nao. Na yule afisa wa kaunta aje, atautambua: kifuniko kina ufa, na aliyekipasua ni yeye.

Mama yake