Anayeanza skii aende mapema, umati haujafika

Mhariri, naomba nafasi kidogo niseme kuhusu skii, ule mchezo wa kuteleza kwenye theluji, maana kwenye kurasa za michezo mchezo huu unaguswa Olimpiki ya majira ya baridi ikikaribia tu, tunamkumbuka Philip Boit wa Kenya kule Nagano, Japani, 1998 jinsi bingwa Bjørn Dæhlie wa Norwei alivyomsubiri pale mwisho akamkumbatia, halafu kimya tena.

Mi naongelea skii ya mtu wa kawaida anayetaka kujifunza. Kila mtu atakwambia subiri katikati ya msimu theluji iwe nene. Kwa anayejua tayari sawa, ila kwa anayeanza napinga kabisa. Siku zile za mwanzoni, hasa katikati ya wiki, ndo zake. Nimeshinda mlimani siku ya hivyo, foleni ya lifti ya kupandisha watu mlimani hamna, unashuka unapanda tena hapohapo, mwalimu ana muda na wewe, ukianguka unajikusanya taratibu na hakuna mtu anakupita kwa kasi ya kutisha karibu akuguse. Kinachomtoa mwanafunzi roho mara nyingi sio mlima jamani, ni watu.

Watasema theluji ya mapema ni ya mashine. Ndiyo, nyingi ni hiyo, maji yanapulizwa kwa presha pamoja na hewa, yanakuwa vitone vidogo sana vinaganda kabla ya kutua, inatakiwa baridi ya kama nyuzi -2 au chini ya hapo na hewa ikiwa kavu ndo inakubali zaidi, ndo maana unasikia mashine zinaunguruma usiku kucha. Lakini Beijing 2022 karibu yote walichezea theluji ya hivyohivyo! Ni ngumu kuliko ya asili, kuanguka kunauma, kwa hiyo helmeti vaa.

Hatari yenyewe iko nje ya njia zilizofunguliwa. Huko mawe, visiki na mitaro vimefunikwa juujuu tu, ukitazama unaona weupe mtupu, na siku hiyo niliona vijana wanainama wanapita chini ya kamba ya kuzuia watu, waliporudi vibao vyao vya skii vimechubuka vibaya chini, na hao ni wa bahati maana ingeweza kuwa goti. Kamba ikiwekwa imewekwa.

Halafu wenye hoteli na milima nao. Mwanzoni unakuta njia moja au mbili tu ndo ziko wazi, anayeanza na fundi, hata wakiwa wachache, wote wamebanwa humohumo. Sheria ya shirikisho la skii duniani FIS iko wazi, anayetoka juu ndo anapaswa kumkwepa aliye mbele yake, ila mwanafunzi anayetetemeka hiyo sheria haimsaidii kitu kama nafasi yenyewe hamna. Wangeelekeza mashine kwenye mteremko wa wanaojifunza kwanza, ni mfupi, unajaa theluji haraka, huo mrefu utafuata.

Na nyie gazetini tuandikieni mapema basi, Novemba kwa Ulaya na Marekani, Juni kwa New Zealand na Chile, watu wajipange kabla likizo haijajaza milima.

Msomaji wenu