Siku ya kutembezwa Muscat kwa Kiswahili

Baba na Mama, shikamooni. Ami na Mama Mkubwa, shikamooni pia.

Ujumbe wenu umefika, na nimefurahi mno kusikia safari ya Januari imeshakubaliwa na wote. Mmeuliza kama ile siku ya kuuzunguka mji mtapata mtu wa kuwaeleza kwa Kiswahili, au itabidi mfuate kundi la Kiingereza huku mkitafsiriwa kipande kipande. Mtapata, tena nawasihi msikubali vinginevyo. Maelezo ya kwenye makumbusho hapa yameandikwa kwa Kiarabu na Kiingereza, na mengi ya yanayooneshwa yanatuhusu sisi: Mombasa, Unguja, karafuu, merikebu, masultani wale wale. Mama na maswali yake akipitishwa pale na mtu asiyeelewana naye, atatoka ameona vioo na majambia tu.

Wanaosema Kiswahili hapa ni wengi. Baada ya Mapinduzi ya 1964, na zaidi baada ya Sultan Qaboos kushika nchi Julai 1970, familia nyingi zenye asili ya Oman zilihamia huku kutoka Unguja na Pemba, nyingine Mombasa, Tanganyika, Burundi, Rwanda na Kongo. Kwa hiyo dereva wa Kiswahili si tabu kumpata. Lakini dereva si mtembeza wageni, na hapo ndipo watu wengi wanapotea. Dereva atakufikisha mlangoni, atabaki kwenye gari na kiyoyozi chake, nawe utaingia ndani peke yako. Mtembeza wageni anaingia nanyi na kuwaeleza kila hatua. Sharti awe na leseni ya Wizara ya Urithi na Utalii. Mwombeni awatumie picha ya kadi yake kabla ya kukubaliana. Aliye nayo haoni vibaya kuulizwa.

Mpigieni simu, msiishie kuandikiana. Kijana aliyezaliwa hapa huenda anakisema Kiswahili vizuri sana cha nyumbani, cha chakula na salamu, kisha akifika kwenye ngome na vita akaishiwa maneno na kuhamia Kiarabu. Dawa yake ni swali moja: mwambieni awaeleze kwa kifupi Wareno waliondokaje Muscat. Akienda nalo dakika mbili bila kukwama, huyo ni wenu.

Katika mapatano, bei iwe ya gari zima kwa siku nzima, isiwe ya kila kichwa. Ulizeni wazi kama ndani yake mna mafuta, viingilio vya makumbusho, muda wa kusubiri na chakula cha mchana. Viingilio ndivyo vinavyoleta ugomvi jioni, kwa sababu yeye alidhani mtalipa wenyewe na nyinyi mlidhani vimo. Jambo jingine ni saa. Hapa watu wanahesabu saa kwa Kiarabu, na aliyekulia huku anaweza kusema "saa nane" akikusudia asubuhi, ile tunayoiita sisi saa mbili. Andikianeni kwa tarakimu, 07:30, na muongeze neno asubuhi. Katika barua hii saa zote ni za kwetu.

Siku nzuri ni Jumamosi. Wikiendi ya hapa ni Ijumaa na Jumamosi, basi Jumamosi barabara haina msongamano wa wafanyakazi na milango iko wazi. Ijumaa iepukeni kabisa: Msikiti Mkuu haupokei watazamaji, soko la Mutrah, mtaa wa bandarini, limefungwa asubuhi, na Makumbusho ya Taifa hufunguliwa mchana tu. Pia mwulizeni mtembezaji kama siku hiyo kuna meli ya watalii bandarini. Bandari ya Mutrah haishughuliki tena na makontena, mizigo ilihamishiwa Sohar mwaka 2014, na meli kubwa za wageni huja zaidi miezi hii ya baridi. Meli ikitia nanga, mabasi yote yanaelekea msikitini asubuhi hiyo hiyo na bei za sokoni zinapanda.

Muscat si Mji Mkongwe wa kuzungukwa kwa miguu. Ni mji mrefu uliobanwa baina ya milima na bahari, na kutoka Msikiti Mkuu hadi Mutrah ni zaidi ya kilomita 20. Mpango wa siku ndio unaoamua kama mtafurahi au mtashinda garini.

Anzeni na Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, mfike saa mbili kamili asubuhi. Watazamaji wanapokewa kuanzia saa mbili hadi saa tano, Jumamosi mpaka Alhamisi. Msiseme "sisi Waislamu, tutaingia wakati wa sala." Mkifanya hivyo, Mama na Mama Mkubwa wataelekezwa ukumbi wa wanawake, unaochukua watu wapatao 750, na ule ukumbi mkubwa wa wanaume hawatauona. Asubuhi ya watazamaji ndipo wanawake na wanaume wanapoingia humo pamoja. Buibui na mtandio vinatosha. Baba na Ami, suruali ndefu au kanzu. Soksi chukueni, viatu vinavuliwa na sakafu ya marumaru asubuhi ya Januari ni baridi.

Msikiti ulifunguliwa mwaka 2001 baada ya kujengwa miaka sita, kwa mawe ya mchanga yaliyoletwa kutoka India. Ukumbi mkubwa unaingiza watu 6,500, na ukijumlisha nyua na baraza, 20,000. Mkiingia msikimbilie kutazama juu, tazameni chini kwanza. Zulia lina upana wa mita 60 na urefu wa mita 70, uzito tani 21, na mafundo bilioni 1.7 yaliyofungwa kwa mkono na wanawake 600 wa Iran. Limefumwa vipande vipande kisha vikaungwa humo humo ndani, na ukitafuta maungio huyaoni. Rangi zake ni 28, nyingi za mimea. Watazamaji wanapita juu ya ukanda wa zulia jingine la buluu uliotandikwa kulilinda, basi mwombeni mtembezaji asimame nanyi ukingoni mwa ukanda huo, Mama Mkubwa achuchumae kidogo aone jinsi ua moja lilivyojengwa kwa nukta ndogo ndogo. Yeye anajua kushona viua, ataelewa kazi ile kuliko sote.

Watembezaji wengine bado wanasema hilo ndilo zulia kubwa kuliko yote duniani. Lilikuwa, mpaka Abu Dhabi walipotandika lao mwaka 2007. Halipungukiwi uzuri kwa hilo, ila mtu anayewapa habari ya zamani katika jambo linalojulikana hivi, mwulizeni mara mbili katika mengine. Taa ya kati, yenye urefu wa mita 14 na vipande vya kioo 600,000, hiyo inajieleza. Halafu msitoke kwa mlango mlioingilia, pitieni kwenye baraza ndefu za pembeni. Kila kishubaka cha ukutani kimepambwa kwa vigae vya namna ya nchi yake ya Kiislamu, na watu wengi wanazipita mbio kwa kuwa gari linawasubiri. Kwa goti la Baba, njia hizo ni tambarare na zina kivuli.

Saa tatu na nusu mwe njiani kuelekea Muscat ya kale. Jumba la Opera lililofunguliwa 2011 liko njiani, lakini litazameni garini tu, kwani muda huo mtauhitaji kwa Makumbusho ya Taifa yanayofunguliwa saa nne.

Hapo ndipo Kiswahili kinapolipa. Makumbusho yalifunguliwa 2016, mkabala na Al Alam, kasri ya Sultani, na ni makubwa kiasi cha kumchosha mtu asiyechagua. Mwambieni mtembezaji awapeleke moja kwa moja kwenye mambo ya bahari na uhusiano wa Oman na dunia, saa moja na nusu, kisha basi. Nyuzi mbili ndizo za kumshikia. Ya kwanza ni ya Wareno: walifukuzwa Muscat mwaka 1650 na Imamu Sultan bin Saif, na kutoka hapa vita vikavuka bahari mpaka Ngome ya Yesu ya Mombasa ikaanguka 1698, baada ya kuzingirwa tangu 1696. Ami, ile ngome uliyotupeleka tukiwa wadogo, nusu ya hadithi yake iko huku. Ya pili ni ya Sayyid Said, sultani wa Oman na Unguja. Alihamishia makao yake Unguja, akapeleka merikebu yake Sultana mpaka New York mwaka 1840, na akafa baharini 1856 akirudi kwetu kutoka huku. Wanawe wakagombana, na mwaka 1861 Mwingereza akaamua dola igawanywe, Unguja mbali na Muscat mbali, Unguja ikiilipa Muscat riale 40,000 kila mwaka. Ukisimama kwenye vioo vile na mtu anayekwambia haya kwa lugha yako, huhitaji ramani.

Pana jambo ambalo watembezaji wengine wanaliruka, nalo ni biashara ya watumwa. Watawaambia karafuu na pembe za ndovu kisha watasogea kwenye kioo kingine. Ulizeni. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, na mashamba ya karafuu yalilimwa na mikono ya nani tunajua sisi. Mtu mzuri hatakwepa. Habari za 1964 ni tofauti kidogo: hapa kuna familia zilizopoteza watu usiku ule na baada yake, na huwezi kujua mtembezaji wako ni mtoto wa nani. Nimesikia mazungumzo hayo yakienda kwa heshima kwenye kahawa, mwenyeji akianza mwenyewe. Tuliieni hapo.

Mkitoka, tembeeni hadi mbele ya kasri, ni hatua chache. Picha za nguzo zake za buluu na dhahabu zinaruhusiwa ukiwa nje ya lango. Askari na majengo ya serikali msipige, wala wanawake bila ruhusa. Ngome mbili zinazoibana ghuba hiyo ni Al Mirani na Al Jalali, za Wareno, za mwisho wa karne ya 16. Mtaziona kutoka chini na inatosha. Ila mtafute mahali pa kuona mawe ya mlima yanayoizunguka bandari: mabaharia wa meli zilizopita walipaka majina ya meli zao kwa rangi juu ya mwamba, na mengine bado yanasomeka.

Kuanzia saa saba hadi saa kumi Mutrah inalala. Wageni wengi hapo ndipo siku yao inapoharibika, maana wanashushwa sokoni saa saba na nusu, wanakuta milango ya mbao imefungwa, wanazurura juani. Nyinyi swalini adhuhuri, mle samaki na wali mahali penye viti vya kawaida (waambieni mapema, maana kwingine ni kukaa chini na Baba hataweza kuinuka), kisha mrudi mahali mlipofikia mjinyooshe. Mtembezaji aandike mapumziko haya ndani ya mapatano, asije akayahesabu kuwa siku imekwisha.

Saa kumi mwe Mutrah. Januari jua linatua baada ya saa kumi na moja na nusu, kwa hiyo mna saa moja na nusu ya mwanga. Ingieni soko kwa upande wa bahari. Njia kuu ni tambarare, ila vichochoro vya nyuma vinapanda na vina ngazi, Baba abaki njia kuu. Geti kubwa lililo karibu, la mtaa wa Lawati, ni makazi ya watu. Msiingie bila kualikwa.

Kwenye ubani, ule wa Hojari kutoka Dhofar, kusini mwa Oman, ndio wa kununua. Chagueni madonge makubwa yanayopitisha mwanga, meupe au yenye kijani kidogo. Uliojaa vumbi na wekundu ni wa bei ndogo, na muuzaji akiuita Hojari mwombeni awashe punje moja kwenye chetezo chake hapo hapo. Kofia, angalieni vitobo vyake: vya mashine vyote vimelingana kabisa, vya mkono vina tofauti ndogo ndogo, na bei zake hazikaribiani hata kidogo. Halua onjeni kabla ya kupimiwa, mtaijua ni ndugu ya yetu, ila hii ina zafarani zaidi. Pakieni kwenye sanduku la kupakizwa chini, siyo begi la mkononi. Na pesa za hapa zina mtego: rial tano inasikika kama si kitu, kumbe ni dola 13. Rial moja ni baisa 1,000. Mtembezaji akiwapeleka duka moja tu na kusisitiza mnunue hapo, shukuruni na mtoke, kuna kamisheni.

Magharibi mtaisikia mkiwa kwenye barabara ya ufukweni. Mswali, kisha gari liwafuate hapo hapo, msirudi nyuma kutafuta maegesho.

Nitumieni tarehe kamili ya kufika na mtakuwa wangapi, kwani wanne wanaenea gari ndogo lakini mkimleta na mdogo wangu tunahitaji kubwa. Nitazungumza na mtembezaji mimi mwenyewe, ila swali la Wareno nakuachia wewe Ami.

Mwanenu,
Muscat