Usiunyooshe Mchi wa Mama Yako

Tanga, Jumapili jioni

Binti yangu,

Salaam nyingi kutoka nyumbani. Sisi huku wazima, ila mama yako analalamika hupigi simu. Nimemwambia mwanafunzi hana salio, akanijibu mbona salio la kumtumia baba yake nyimbo analo.

Nyimbo zako zote mbili nimezipata. Ile ya wiki mbili zilizopita, na hii ya juzi uliyoniandikia, "Baba, sasa imenyooka." Nimeisikiliza kibandani mara nne, kwa zile spika kubwa za sanduku la mninga, mlango nimeufunga ili wateja wasinisumbue. Sikukujibu hapo hapo kwa sababu jibu langu ni refu kuliko simu. Tena uliniomba nikutajie nyimbo za vinanda vya umeme ninazozipenda kutoka nchi za watu, kwa vile kuna kijana hapo chuoni kakwambia muziki wa mashine ni wa wasiojua kupiga ala. Nitayajibu yote mawili kwa mpigo.

Unaikumbuka kanda yangu ya majaribio? Ile ya bluu iliyofutika maandishi, ambayo ulipokuwa mdogo uliiita "kanda ya kukimbia". Kila redio iliyotoka mezani kwangu tangu miaka ya themanini ilipimwa kwa wimbo ule: "I Feel Love" wa Donna Summer. Watu walidhani napenda disko. Sawa, napenda, lakini sababu ilikuwa ya kifundi. Besi ya wimbo ule inadunda upande wa kushoto, na mwangwi wake unaitikia kulia upesi sana, hata sikio linahesabu ni mkimbiaji mmoja. Spika moja ikiwa imekufa, wimbo unachechemea papo hapo. Huhitaji mita.

Waliurekodi Munich, Ujerumani, mwaka 1977, Giorgio Moroder na Pete Bellotte. Kinanda chao kilikuwa Moog, kabati zima la waya na vitasa, na kilikuwa na ugonjwa ninaoujua: hakishiki sauti. Kikipata joto, noti zinahama zenyewe. Wakawa wanarekodi kipande kifupi, wanasimama, wanakiweka sawa, wanarekodi kingine. Palikuwa na fundi anaitwa Robby Wedel, ndiye aliyewaonyesha namna ya kuvifanya vipande vile viende kwa mwendo mmoja bila kupishana. Jina lake nalitaja makusudi, maana mafundi hawaimbwi.

Sasa msikilize huyo kijana wako atasema nini hapa. Moog ile ilitoa kila kitu ila kishindo cha ngoma kubwa. Walipojaribu, kilitoka chepesi. Basi wakamketisha Keith Forsey, mpiga ngoma, akakanyaga ngoma kubwa kwa mguu wake mwanzo mpaka mwisho wa wimbo. Wimbo ambao dunia nzima inauita mama wa muziki wa mashine una mguu wa mtu ndani yake, tena mguu uliochoka, maana mwendo ule si wa mchezo.

Nikupe jingine. Unalijua lile kopo la Blue Band chini ya meza ninamotupa transista mbovu. Mwaka 1980 kampuni ya Roland ya Japani ilitoa mashine ya ngoma inaitwa TR-808. Hakuna ngoma iliyorekodiwa ndani yake, milio yote inazalishwa na saketi, na wengi waliiona kichekesho kwa sababu haikufanana na ngoma yoyote waliyoijua. Lakini ule mchakacho wake, kama mafuta yakikutana na maji kwenye kikaango, ulitoka wapi? Roland walinunua kwa makusudi transista zenye kasoro. Transista za kopo langu! Viwanda vilipoboresha kazi yao, transista mbovu za namna ile zikaadimika, na uzalishaji ukasimama 1983 baada ya mashine kama 12,000 tu. Niliposoma habari hiyo nililitoa lile kopo, nikaliweka juu ya kabati. Mama yako aliuliza kulikoni, nikamwambia kuna wazee humu wanastahili heshima.

Ukitaka kuisikia 808 ikiwa na adabu zake zote, tafuta "Sexual Healing" ya Marvin Gaye ya 1982. Mtu yule alikuwa amekimbilia Ostend, mji wa pwani huko Ubelgiji, ana madeni na mambo mengine ya kumsumbua, akakaa na mashine hiyo. Usinihoji kuhusu maneno ya wimbo, mimi ni baba yako. Sikiliza ngoma.

Kwa nini nakwambia habari za kasoro? Kwa sababu kazi yangu mimi ni kuziondoa, na kuna siku niliondoa isiyo yangu. Hujazaliwa bado. Kikundi kimoja cha taarab kiliniletea kinanda cha Yamaha ambacho kilikuwa kinazima katikati ya shughuli. Nikakifungua, nikakuta chumvi imekula nyuzi za umeme, nikasafisha kwa spiriti, nikalehemu upya, na kwa kuwa betri ndogo ya kumbukumbu ilikuwa imechoka nikaibadilisha bila kuulizwa. Nilijiona hodari. Kesho yake mpiga kinanda akarudi macho mekundu. "Fundi, umeniulia bayati yangu." Kumbe yule bwana alikuwa ameshusha baadhi ya noti robo sauti, zipate kulia bayati, ile sauti ya Kiarabu ya udi na fidla, na alizipanga kwa sikio miezi mingi. Nilipotoa betri, zote zikarudi zilivyotoka kiwandani. Kinanda kikawa kizima kabisa na hakina faida. Alikaa kwenye benchi langu mpaka saa nne usiku akizitafuta noti zake moja moja, na mimi namshikia tochi. Hakunidai, lakini pia hakuniaga.

Tangu siku ile, wimbo wa vinanda ukichezwa, mimi hutafuta ilipo bayati yake. Nyimbo nyingi hazina. Kraftwerk wa Düsseldorf, Ujerumani, kwa mfano, nawaheshimu kama mtu anavyomheshimu mkwe: nasimama, nasalimia, sikai sana. Wao ndio walioifungua njia, hilo halina ubishi. Wimbo wao ninaoucheka kwa raha ni ule wa kikokotoo cha mfukoni, wa 1981, waliouimba Kijerumani, Kiingereza, Kifaransa na Kijapani. Walipoupiga jukwaani walisogea mbele wakawaachia watazamaji wabonyeze wenyewe vile vidude. Hapo ndipo nikawasamehe.

"Blue Monday" wa New Order, wa Manchester, 1983, huo mnao kwenye simu zenu hata hamjui ni wa lini. Sikiliza kinanda kinavyoingia: kama kimechelewa nusu hatua, kinazungukana na ngoma bila kukutana nayo. Aliyekipanga ni Gillian Gilbert. Aliandika noti zote kwenye karatasi ndefu iliyoungwaungwa, kisha katika kuziingiza kwenye mashine akaruka noti moja. Wakaiacha. Hebu fikiri kama angekuwepo mtu wa kunyoosha pale.

Halafu kuna mzee wa Bombay, na huyu ningependa umsikilize usiku taa zikiwa zimezimwa. Charanjit Singh alikuwa mpigaji wa kuajiriwa katika bendi za nyimbo za sinema za Kihindi, zile zile tulizokuwa tukizililia kwenye majumba ya sinema hapa pwani. Mwaka 1982 alichukua raga kumi za kale, yaani mipangilio ya noti ya muziki wa Kihindi, akaziweka juu ya mdundo wa disko kwa mashine tatu za Roland. Mojawapo ilikuwa TB-303, kidude cha kutoa besi kilichokusudiwa wapiga gitaa wasio na mwenzao wa kufanya naye mazoezi. Kwa kazi hiyo kilishindwa vibaya, hakikufanana na gitaa la besi hata kidogo, kinanung'unika na kuteleza kutoka noti hadi noti. Lakini raga inataka kuteleza! Vijana weusi wa Marekani walikuja kuugundua mtelezo huo Chicago, na wimbo wa "Acid Tracks" ukatoka 1987. Mzee alikuwa ameshamaliza miaka mitano nyuma, na albamu yake haikununuliwa. Ilikuja kutolewa upya 2010, naye akiwa hai. Alifariki 2015.

Wa Afrika usifikiri nimewasahau. Yvonne Chaka Chaka na Brenda Fassie sikufundishi, hao umenyonyeshwa nao. Mtafute William Onyeabor wa Enugu, Nigeria, aliyejirekodi na kujitolea santuri zake kati ya 1977 na 1985, vinanda vimemzunguka kama mtu aliyekaa katikati ya duka. Anza na "Fantastic Man". Sauti yake si ya mwimbaji, ni ya mtu anayekueleza jambo muhimu kwenye foleni ya benki, na ndiyo maana unamwamini. Baadaye akaokoka, akawa hataki hata kuulizwa habari za muziki ule.

Na Hailu Mergia wa Ethiopia! Alikuwa mpiga kinanda wa Walias Band kule Addis Ababa, wakaenda Marekani, yeye akabaki. Mwaka 1985 akatoa kanda aliyoipiga peke yake: akodiani ya ujana wake, vinanda vya umeme na mashine ya ngoma. Kisha maisha yakaendelea, akawa dereva wa teksi uwanja wa ndege, Washington. Kinanda alikiweka kwenye buti. Akiwa kwenye foleni ya kusubiri abiria, anakitoa, anakaa ndani ya gari, anapiga. Kanda ile ilitolewa upya 2013 na akarudi jukwaani. Mashine yake ya ngoma ni ya kimaskini kabisa, tik-tak tik-tak, na akodiani inapita juu yake kama mtu anayetembea jioni hana haraka ya kufika. Mimi wimbo wowote wa kanda ile ukianza naweka chini chuma cha kulehemu.

(Freddie Mercury nae, kwa kuwa lazima utaniuliza, mtoto wa Unguja wa 1946. Bendi yake, Queen, walikuwa wakichapa kwenye majalada ya santuri zao kuwa humu hamna sinthesaiza, yaani hivi vinanda vya umeme. Walijivunia. Miaka ya themanini ilipoingia wakaanza kuzitumia, na 1984 wakatoa "Radio Ga Ga", ambao bila sinthesaiza hausimami. Wanaosema kama huyo kijana wako huwa wanafika tu, ni suala la muda.)

Sasa turudi kwako. Hiyo singeli unayoipiga ina ukoo. Kabla yake uswahilini Dar palikuwa na mchiriku: vikinanda vidogo vya Casio, wanavyonunuliwa watoto, vimechomekwa kwenye amplifaya kuukuu na spika za honi mpaka sauti inapasuka. Mimi nilikuwa nikisikia kupasuka kule mkono unawasha, nataka nikakaze nati. Kumbe wenyewe walikuwa wanataka ipasuke. Kundi la Jagwa Music walifika na sauti hiyo Ulaya hivyo hivyo, imepasuka. Na vijana wa studio ya Sisso pale Mburahati wameichukua taarab, wameikata, wameikimbiza biti zaidi ya 200 kwa dakika, na dunia imewafuata huko huko uswahilini.

Nimeusikiliza wimbo wako kwa sikio hilo. Kile kishindo ulichokitega katikati nimekijua kabla ya sekunde kumi: ni kinu cha uani kwetu, ulikirekodi kwa simu ulipokuja likizo, mama yako anatwanga kisamvu. Katika wimbo wa kwanza, mchi unapiga mara tatu sawasawa, wa nne unachelewa kidogo. Katika huu wa pili umeivuta ile minne yote ikae kwenye mistari ya kompyuta. Imekaa. Inapiga kama kengele ya shule.

Pigo la nne linachelewa, binti yangu, kwa sababu hapo ndipo anapokaza kanga. Anapiga mara tatu, kanga inalegea, anaikaza kwa mkono wa kushoto, mchi unashuka kwa mkono mmoja. Miaka 32 naisikia sauti hiyo kutoka chumbani, najua kisamvu kimefika wapi bila kutoka nje.

Nitumie tena ile ya kwanza, usiiguse. Na uitume kama faili, si kama ujumbe wa sauti, maana ukituma vile besi yote inabaki njiani. Ikifika nitaiweka kwenye kanda, upande wa pili wa ile ya bluu. Kuna redio mbili za wateja zinasubiri kupimwa Jumanne.

Mama yako anasema umpigie.

Baba yako