Barua kwa Salum: lenzi moja ya kutembea nayo Mji Mkongwe

Sahibu yangu Salum,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, barua yako nimeipata na nimeisoma hadi mwisho, na nimefurahi kwamba hiyo kamera ya Sony A7R IV imeingia mikononi mwako ikiwa bado na hali nzuri. Umeniuliza: kati ya lenzi za 24-105, 28-200 na 24-240 (namba ni masafa ya zumu kwa milimita: ndogo inaona upana, kubwa inavuta mbali), ipi uifunge kwenye kamera utembee nayo Mji Mkongwe bila ya kubeba nyengine? Jawabu langu liko nje ya hizo tatu. Chukua Sony FE 20-70mm f/4 G. Hiyo f/4 ni kipimo cha tundu la kupitishia mwanga: namba kubwa, tundu dogo. Nitakueleza sababu, kisha nitakueleza namna ya kuikagua kabla hujatoa pesa, maana huko kwenye ukaguzi ndiko watu wanakoumia zaidi kuliko kwenye kuchagua jina.

Tuanze na sensa yako, kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Ina megapikseli 61, yaani pikseli 9504 kwa 6336. Picha nzima ukiichapisha kwa pikseli 300 kwa inchi inatoka na upana wa sentimita 80. Watu wengi wakishanunua kamera ya aina hii hutafuta zumu ndefu kadiri ya uwezo wao, na mimi naona ni kinyume kabisa. Urefu unaweza kuupata nyumbani kwa kukata picha. Upana uliokosekana pale uliposimama haupatikani tena.

Piga hesabu. Picha ya 70mm ukiikata mpaka ionekane kama ya 105mm, unabaki na megapikseli 27 hivi. Kamera yenyewe ina modi ya APS-C, inayotumia sehemu ya kati tu ya sensa, inayokufanyia hivyo papo hapo na kukuachia 26. Ukiikata mpaka 140mm unabaki na 15, ambazo bado zinachapishika sentimita 40 kwa 27, karibu sawa na karatasi ya A3. Ukilazimisha mpaka 200mm zinabaki saba na nusu. Hizo zinatosha kwenye simu, lakini za kutundika ukutani sizo.

Sasa utazame upande wa pili. Umesimama mita 4 kutoka kwenye mlango wa kuchongwa, nyuma yako ukuta, huna pa kurudi. Umeishika kamera wima, sawasawa bila kuiinua, kwenye usawa wa macho, tuseme mita 1.6. Kwa 28mm, ukingo wa juu wa picha unaishia mita 4.2 kutoka chini. Kwa 24mm unafika 4.6. Kwa 20mm unafika 5.2, na mara nyingi hiyo ndiyo tofauti kati ya kuupata mlango na taji lake lote na baraza ya ghorofa ya juu, au kuvikata. Nasisitiza kuishika sawasawa kwa sababu ukiinua uso wa kamera, kuta zinaanguka kwa ndani. Programu inaweza kuzinyoosha, lakini inanyoosha kwa kuivuta sehemu ya juu ya picha, na huko juu ndiko kwenye nakshi unayoitaka. Kwa 20mm unaiacha kamera sawa, kisha unakata sakafu. Hata ukitupa theluthi nzima ya chini, unabaki na megapikseli 40 na kuta zilizosimama. Kwa mtu anayepiga majengo ndani ya vichochoro, mimi sijui matumizi mazuri zaidi ya hizo pikseli.

Ukitaka njumu za shaba au uchongaji kwa karibu, 20-70 kwenye ncha ya 70 inashika fokasi kitu kikiwa sentimita 25 kutoka kwenye sensa, na ukubwa wa taswira kwenye sensa unafika 0.39 ya kitu chenyewe. Njumu moja inaweza kukujazia sehemu kubwa ya picha. Lenzi ina gramu 488. Pamoja na kamera yako ya gramu 665 hufiki kilo moja na robo. Ukitembea toka Darajani hadi Shangani jua la saa nne limeshakaza, shingo itakushukuru.

Hizo zako tatu sizidharau. 24-240 ilitoka mwaka 2015, wakati wengi walikuwa na megapikseli 24. Ina gramu 780, na kwenye sensa yako kona zitaonesha ulaini ambao kamera za wakati ule ziliuficha. Hiyo iache. Tamron 28-200 ni nzuri kuliko watu wanavyotarajia kwa zumu ndefu namna hiyo, tena ni nyepesi, gramu 575. Lakini inaanza 28, na ukifika mbali tundu linakuwa f/5.6. Kama kazi yako ingekuwa majahazi yanayopita mbali nje ya bandari ya Malindi, ningekwambia uichukue leo.

Mshindani wa kweli ni 24-105 f/4 G. Ina gramu 663 na kidhibiti mtikisiko chake ndani ya lenzi, kitu ambacho 20-70 haina; hiyo inategemea kile cha kwenye kamera, na kwenye masafa mafupi kama hayo kinatosha. Kwa kupiga sura za watu 105 inapendeza, kwani unasimama mbali kidogo na mtu hajioni amebanwa. Zilipotoka, bei za Marekani zilikuwa takriban dola 1,300 kwa 24-105 mwaka 2017 na dola 1,100 kwa 20-70 mwaka 2023, lakini 24-105 imeshakaa sana sokoni na iliyotumika hupatikana kwa bei ya chini. Ikiwa kazi ya harusi ndiyo inayokulipa, basi 24-105 usiione haya. Kwa yale uliyoniandikia, ya milango na vichochoro na watu barazani, nabaki na 20-70.

Najua utaniuliza habari ya f/2.8. 24-70mm f/2.8 GM II ni lenzi bora sana, hakuna ubishi. Ina gramu 695, na ilitoka kwa dola 2,300. Unacholipia zaidi ni hatua moja ya mwanga: mahali ambapo f/4 inataka ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) ya 6400, f/2.8 inataka 3200. Forodhani usiku, chini ya taa za wauza urojo na mishikaki, piga f/4, shata 1/125 ya sekunde, ISO uiache ipande. Faili la megapikseli 61 ukilipunguza hadi 24 chembechembe zinapungua zenyewe. Hiyo tofauti ya dola 1,200 inanunua lenzi ya 35mm f/1.8 ya gramu 280 na bado unabaki na fedha, na kwa usiku hiyo 35 inaishinda hata f/2.8.

Ukishaipata, kuna mambo ambayo sensa hii haisamehe. Ile kanuni ya zamani, kwamba 50mm inataka 1/50, hapa haitoshi. Fanya mara mbili: 50mm kwa 1/100, 70mm kwa 1/160. Kidhibiti mtikisiko kinatuliza mkono wako, hakimsimamishi mpita njia. Mtu anayetembea anataka 1/250, watoto wanaocheza 1/500. Picha nyingi zinazosingiziwa lenzi mbovu ni za shata ya polepole.

Tundu nalo usilifunge kupita kiasi. Mwanga ukipita kwenye tundu dogo unatawanyika: kwenye f/8 nukta ya mwanga inakuwa doa la mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) 11 hivi, kwenye f/16 linafika 21, na pikseli yako moja ni mikroni 3.76. Kaa f/5.6 hadi f/8 ukitaka ukali wote. f/11 inavumilika pale unapotaka kina, yaani vya mbele na vya nyuma vyote vitoke vikali. f/16 ni kutupa pikseli ulizozinunua. Kina chenyewe pia kimekuwa kifupi: kwa 70mm, f/4, mtu akiwa mita 2, hesabu za kawaida zinakupa sentimita 20, lakini ukiikuza picha hadi asilimia 100 ukali halisi ni sentimita tano tu. Kwa hiyo fokasi iwe kwenye jicho, si kwenye kofia wala shavu.

Sasa ukaguzi, na hapa nakuomba usifanye haraka. Nakala mbili za lenzi moja hazilingani. Kioo kimoja ndani kikikaa upande, kwa kuanguka au kwa kufungwa vibaya, kona moja inalainika na nyengine tatu ziko sawa. Kwenye megapikseli 24 unaweza kuishi nayo bila kujua. Kwenye 61 utaiona katika kila picha ya ukuta.

Panda darini asubuhi mapema. Usingoje mchana, kwa sababu hewa moto inayopanda kutoka kwenye mabati inatetemesha kila kitu na utailaumu lenzi bure. Weka kamera kwenye tripodi, zima kidhibiti mtikisiko, ISO 100, shata ya kujifyatua baada ya sekunde 2, faili la RAW (ghafi, lisilochakatwa na kamera). Tafuta kitu chenye mistari mikali kilicho mita 100 au zaidi: antena, dishi, ukingo wa dirisha. Kiweke katikati, fungua f/4, kuza kwenye skrini na ushike fokasi kwa mkono. Kisha usiiguse tena. Piga. Halafu izungushe kamera ili kitu kile kile kiangukie kona ya juu kushoto, piga. Juu kulia, chini kulia, chini kushoto, vivyo hivyo. Rudia kwa 20, 35, 50 na 70, na kila mara ukibadilisha zumu ushike fokasi upya katikati. Kisha zote tena kwa f/8.

Kwenye kompyuta, zitandike hizo kona nne kwa asilimia 100. Zikiwa laini zote kwa kiasi kimoja, hiyo ni tabia ya lenzi, na f/8 itasaidia. Kona moja ikiwa tofauti na wenzake, rudia kwa kushika fokasi pale pale kwenye kona: ikikaa sawa, uwanja wa fokasi umepinda au umeinama kidogo, ikibaki laini, kioo kimekaa vibaya, na hiyo lenzi irudishe. Usikubali kuambiwa "punguza tundu itakaa sawa." Kwenye 70 uwe mkali zaidi, kwa kuwa huko ndiko utakakokuwa unakata picha, na kukata kunakuza kila kasoro. Wala usibandike gazeti ukutani ukalipiga kwa karibu. Kamera ikiinama kidogo tu upande mmoja wa gazeti unatoka nje ya fokasi, nawe unaikataa lenzi nzima isiyo na kosa.

Mistari iliyopinda kwenye 20 isikutishe. Lenzi hii imeundwa ili programu iinyooshe. Angalia tu kwamba marekebisho ya lenzi yamewashwa unapofungua RAW.

Kama ni ya kutumika, imulike kwa tochi kutoka nyuma, tundu likiwa wazi. Vumbi chembe mbili tatu si neno. Nyuzi nyembamba zinazotawanyika kama utando wa buibui ni fangasi, na hapo weka chini uondoke, hata bei ikikulainisha moyo. Tazama skrubu za kwenye mdomo wa chuma wa nyuma, unaoshikana na kamera: vichwa vikiwa na mikwaruzo, imeshafunguliwa na mtu. Pitisha kidole kwenye mdomo wa mbele unaokaza filta ya 72mm. Ukiwa na bonde, iliwahi kuanguka. Zungusha zumu polepole usikilize kama kuna mchanga, kisha ulivute bomba nje ulitikise kidogo, lisichezecheze.

Kwa hali ya hewa ya huko, fangasi ndiye adui kuliko mvua. Nunua boksi la plastiki lenye mpira wa kuziba, tia silika jeli na kipima unyevu cha bei ndogo, unyevu uwe kati ya asilimia 40 na 50. Ukitoka chumba chenye AC, iache kamera ndani ya mkoba nusu saa kabla ya kuifungua nje, la sivyo kioo kitapata umande. Ukitoka pwani, lifute bomba la lenzi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji baridi, yasiyo ya chumvi, kabla ya kulirudisha ndani, kwa sababu chumvi na mchanga vinaingia na bomba. Filta ya UV weka ile yenye tabaka nyingi za kuzuia mng'ao, au usiweke kabisa utumie hudi, kile kikingio cha mbele ya lenzi. Ya bei rahisi inakuletea ukungu kila ukielekea jua, na usiku inazaa taa pacha angani.

Yule muuzaji wa Kariakoo uliyemtaja, mwambie unataka siku tatu za kurudisha, kwa maandishi, na namba ya lenzi iandikwe kwenye risiti. Akikataa, tafuta kwengine. Ukishapiga zile picha za kona, nitumie faili za RAW zenyewe kwa kiungo, si kwa WhatsApp kwani inazibana. Nitazitazama nawe kwenye simu siku hiyo hiyo. Wasalimie mama na watoto.

Wako,
Abdalla