Kalamu ya insulini iende na mafunzo

Mhariri,

Habari yenu kuhusu wagonjwa wa kisukari wanaoacha bomba la sindano na kuhamia kalamu za insulini, yaani vifaa vya umbo la kalamu vya kujichoma dawa hiyo ya kushusha sukari mwilini, imenifurahisha, lakini haikugusa jambo moja: kalamu ikitumiwa vibaya, mgonjwa hupata dozi pungufu bila kujua. Kosa linaloonekana mara nyingi ni kuacha sindano kwenye kalamu baada ya kuchoma. Insulini huvuja, hewa nayo huingia. Kila mara ifungwe sindano mpya, zipimwe yuniti 2 (yuniti ni kipimo cha insulini), kalamu ielekezwe juu na kubonyezwa mpaka tone litokee. Ndipo dozi yenyewe ipimwe. Baada ya kuchoma, kitufe kikifika sifuri, mgonjwa ahesabu taratibu hadi 10 kabla ya kuchomoa. Insulini yenye rangi ya maziwa huviringishwa kwanza viganjani mara 10 na kupinduliwa mara 10. Isipochanganyika, sukari hupanda leo na kushuka mno kesho.

Kalamu pia haiazimwi, hata kwa ndugu wa nyumba moja na hata sindano ikibadilishwa, kwa sababu damu huweza kurudi ndani ya kichupa chenye dawa.

Naziomba kliniki zetu zimtake kila mgonjwa anayekuja kuchukua dawa aonyeshe kwa mikono yake anavyochoma, na apewe sindano za kumtosha hadi tarehe ijayo. Anayepewa kalamu bila sindano atarudia ileile mpaka iwe butu.

Mfamasia,
Tanga